Mwenzenu Nimeumbuka

Jumamosi moja nilikuwa saluni, Sinza, nasukwa yebo yebo. Kiti cha jirani alikaa dada mmoja, nywele nusu zimefumuliwa, nusu bado, simu ameishikilia mbali na mwili kama mtu anayeipua sufuria bila kitambaa. Akashusha pumzi, akaitangazia saluni nzima: "Jamani, mwenzenu nimeumbuka."

Msusi wangu akaacha kusuka. Mwingine akazima draya, na mama aliyekuwa chini yake akatoa kichwa.

Kisa chenyewe ni hiki. Ofisini kwao kuna kaka wa kitengo cha manunuzi. Siku hiyo kaka alikuwa amevaa shati fulani la bluu, na dada yetu akamwandikia mdogo wake ujumbe: "Leo kavaa lile shati. Nikizimia mje mnichukue." Ujumbe haukwenda kwa mdogo mtu. Ulikwenda kwenye kundi la WhatsApp la idara, lenye watu 34, mkurugenzi akiwemo. Alipostuka akakimbilia kuufuta, na kwa ile papara akaufuta upande wake tu. Kwa hiyo katika idara nzima mtu pekee ambaye hakuwa tena na ule ujumbe ni yeye aliyeuandika.

"Sasa kaka akajibu nini?" aliuliza mama wa draya.

Dada akanyanyua kidole. Tusubiri, kwanza atueleze alivyoshuka ngazi ghorofa nne ili asikutane na mtu kwenye lifti.

Nimekuwa nikikifikiria kile kidole. Mimi ni msomaji wa siku nyingi wa hadithi za mapenzi za kuchekesha, zile ambazo mwanamke mmoja wa mjini anaharibu kila anachogusa kwa kurasa 300 halafu anapendwa. Nimezisoma kwenye daladala na kwenye foleni za benki, na mara moja msibani, Mungu anisamehe. Kila nikiulizwa zina nini hasa, hujikuta natoa jibu lile ambalo kila mtu hulitoa: mhusika ni mtu wa kawaida, anafanana na sisi. Jibu hilo lina kasoro kubwa, na nilipaswa kuiona mapema.

Chukua aliye maarufu kuliko wote, Bridget Jones. Alizaliwa mwaka 1995 kama safu ya gazeti la The Independent la London, akawa riwaya mwaka 1996, akawa filamu mwaka 2001. Ana miaka thelathini na kitu, hajaolewa, anafanya kazi kwa wachapishaji wa vitabu, anavuta sigara, anakunywa divai nyeupe kuliko alivyojiahidi. Anaishi peke yake kwenye nyumba yake mwenyewe katika mojawapo ya miji ghali duniani. Kila siku anaanza kwa kuandika uzito wake, na uzito wenyewe unaomkosesha usingizi siku ya kwanza ya mwaka ni kama kilo 58. Kilo 58! Huku kwetu angekwenda kumsalimia shangazi yake angeulizwa kama anaumwa, na asingeruhusiwa kuondoka kabla ya kumaliza sahani ya pili.

Sasa niambie huyu anafanana na nani hapa. Sivuti sigara, sijawahi kuwa na nyumba yangu London, na mizani niliyopanda mara ya mwisho ilikuwa ya kliniki, nikiwa na mtoto mgongoni. Hata hivyo nilipomsoma mara ya kwanza nilicheka mpaka konda akaniangalia. Ufanano haupo, na kicheko kipo. Kwa hiyo kuna kitu kingine kinachofanya kazi, na nadhani Kiswahili kina neno lake tayari, lile alilofungulia dada wa saluni: mwenzenu.

Litazame vizuri. Anayelitamka anazungumza juu ya nafsi yake, lakini anajitaja kama mtu wa kwenu. Hakusubiri tumpime tuone kama yu sawa na sisi, amejiingiza mwenyewe kwenye mkeka na kuketi. Na halitumiki kwa habari za ushindi. Ukisikia mtu anasema "mwenzenu nimepandishwa cheo," ujue anajikinga na kijicho. Mahali pake hasa ni pale mambo yalipoharibika: mwenzenu sina hata mia, mwenzenu nimeachwa stendi na mizigo. Ni neno la kutangulia na aibu yako mkononi kabla hawajaja kuichukua.

Hapo ndipo nguvu ya hadithi hizi ilipo, kwa maoni yangu. Mhusika anapendwa kwa sababu aibu yake anaisimulia mwenyewe. Kisa kile kile cha shati la bluu, kingesimuliwa na mfanyakazi mwenzake kantini, kingekuwa umbea, na sisi tungekuwa tumekaa upande wa watu 34. Aliposimulia yeye, tulishuka naye ngazi ghorofa nne.

Jane Austen alilijua hili kabla ya sisi sote. Katika riwaya yake ya Pride and Prejudice, iliyotoka mwaka 1813, kuna dansi katika mji mdogo. Bwana Darcy, tajiri na mwenye maringo, anahimizwa na rafiki yake acheze na Elizabeth Bennet aliyekaa karibu bila mwenzi. Darcy anamtupia jicho, anasema anapitika, ila hana uzuri wa kumvutia yeye. Elizabeth anasikia kila neno. Riwaya nyingine za zama zile zingemtoa machozi, zingempeleka chumbani na kumtafutia mchumba wa kumlipizia kisasi. Austen anamwacha abaki amekaa pale pale, kisha anampeleka kwa rafiki zake kuwasimulia kisa kizima kwa bashasha. Ni sentensi moja tu ya kitabu. Lakini tangu hapo Darcy ameshapoteza, hata kama itamchukua karibu kitabu kizima kujua. Tusi lake limeshageuzwa kuwa kichekesho cha mwenye kutukanwa.

Bridget ni mjukuu halali wa Elizabeth, na Helen Fielding, aliyemwandika, hakuficha kwamba hadithi aliiazima kwa Austen. Hata jina la mwanaume hakulibadilisha, ni Mark Darcy. Filamu ilipotengenezwa, Darcy huyo akachezwa na Colin Firth, yule yule aliyekuwa amecheza Bwana Darcy wa Austen kwenye televisheni ya BBC mwaka 1995. Utani huo ungefaa kukaa kwenye kitabu chenyewe.

Jambo ninalolipenda zaidi katika historia ya Bridget linahusu mwandishi. Gazeti lilimwomba Fielding aandike safu kuhusu maisha yake mwenyewe, mwanamke asiyeolewa ndani ya London. Akaona haya. Akasema afadhali abuni mtu, na safu ikaanza kutoka bila jina lake. Fikiria: sauti iliyokuja kusifiwa duniani kwa kutoona haya ilianza kwa sababu mwenyewe aliona haya. Austen naye hakuweka jina lake kwenye kitabu cha 1813. Kilitoka kama kazi ya mwandishi wa kitabu kilichotangulia, basi. Na Sophie Kinsella, aliyemleta duniani Becky Bloomwood, mwanamke mwenye ugonjwa wa kununua, mwaka 2000, alikuwa tayari ana riwaya kadhaa za jina lake halisi, Madeleine Wickham. Hii aliituma kwa wachapishaji wake wale wale bila kuwaambia kuwa ni yeye. Wanawake watatu, na wote walijitanda ushungi kwanza ndipo wakamtoa mhusika wao barazani kichwa wazi. Watu wa pwani wanaojua maana ya stara wataelewa haraka kuliko wahakiki wa London.

Sasa nije kwenye bei, maana kusimulia ni nusu tu ya habari.

Katika ile filamu ya 2001 Bridget anaandaa chakula cha siku yake ya kuzaliwa. Amefungua kitabu cha mapishi ya watu wazima, yale yenye mchuzi wa kuchemka saa nyingi. Mboga zinatakiwa zifungwe kwa uzi kabla ya kutumbukizwa chunguni. Uzi alionao ni wa bluu. Baada ya muda anafunua sufuria, na supu nzima ni ya bluu, bluu ya wino wa shule. Mark Darcy anatokea mlangoni bila kualikwa, anavua koti, anakaanga mayai. Rafiki wanakuja, wanakula ile supu, wanakubaliana kwamba ni mbaya sana, kisha wanainua glasi na kumtakia heri huyu ambaye hajui kupika na ambaye wanampenda hivyo hivyo alivyo.

Hiyo ndiyo bei ya kosa katika ulimwengu wa Bridget: supu ya bluu, na jamaa kukaanga mayai.

Kisha kumbuka riwaya tulizokabidhiwa sisi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971: binti wa Ukerewe anapata barua kutoka kwa mvulana, baba yake Zakaria anampiga kwa ajili ya barua hiyo, na kutoka hapo maisha yake yanateremka ngazi moja baada ya nyingine mpaka anajiua. Utengano ya Said Ahmed Mohamed, ya mwaka 1980: Maimuna amefungiwa ndani na baba yake, Bwana Maksuudi. Anatoka, na kutoka kwenyewe kunampeleka danguroni kabla hajapata pa kupumulia. Nazipenda riwaya hizi, na najua waandishi wake walimlenga nani. Mshtakiwa ni Zakaria na Maksuudi, mabinti ni ushahidi. Lakini nilizisoma nikiwa na miaka 16, kwenye dawati, na msichana wa miaka 16 hasomi kama wakili. Alichokisoma ni kwamba ukijibu barua, utakufa. Tulipomaliza Rosa Mistika darasa letu lilikaa kimya dakika nzima. Kisha mmoja wetu, ambaye sote tulijua ana barua kwenye begi, akaomba ruhusa ya kwenda msalani.

Hakuna aliyetupa kitabu cha pili, cha msichana aliyejibu barua, barua ikawa na makosa ya tahajia, mvulana akacheka, maisha yakaendelea. Nadhani hilo ndilo lililonipata kwenye daladala miaka mingi baadaye. Nilikuwa nasoma kitabu ambacho mwanamke anakosea kila ukurasa, na ukurasa unaofuata bado yu hai.

Austen, tena, alishafika. Katika Northanger Abbey, iliyotoka mwishoni mwa 1817 mwenyewe akiwa ameshafariki, kuna binti anaitwa Catherine Morland, msomaji wa riwaya za kutisha. Anakaribishwa kwenye jumba kubwa la zamani, na usiku wa kwanza, wa mvua na upepo, anakuta kabati jeusi chumbani. Analihangaikia, linafunguka, ndani kuna karatasi zimekunjwa. Mshumaa unazimika. Anatetemeka kitandani saa nyingi kabla ya kupata usingizi, akiamini ameshika siri ya kutisha. Kunapambazuka, anafunua: ni hesabu ya dobi. Mashati, soksi, tai, vizibao. Baadaye anafanya kosa kubwa zaidi: anaanza kumshuku mwenye nyumba kwamba alimuua mkewe, na kijana anayempenda, ambaye ni mtoto wa mwenye nyumba, anamfuma na shaka hiyo. Catherine anakimbilia chumbani kulia, ana hakika amemkosa. Jioni kijana anaingia sebuleni, na tofauti pekee katika mwenendo wake ni kwamba leo anamjali kidogo zaidi ya jana. Mstari huo ukisomwa haraka unapita. Mimi hurudi kuusoma kila mwaka.

Wenzetu wa zamani walikuwa na njia nyingine ya kumsaidia mwanamke asiumbuke, na hiyo ni kumwambia mapema kila kitu cha kufanya. Mwaka 1858, huko visiwa vya Lamu, Mwana Kupona binti Mshamu akiwa mgonjwa alimtungia binti yake utendi wa beti zaidi ya 100. Mume akilala usimkurupushe, mpepee. Mkande. Nyumba iwe safi, ulimi uwe na adabu. Ni kazi ya mama anayejua hatakuwepo, na mtu asiyeguswa nayo ana moyo mgumu. Ajabu ni kwamba shajara ya Bridget nayo inafunguliwa na utendi wa namna hiyo. Januari ya kwanza anaorodhesha atakayoyafanya na asiyoyafanya: kinywaji kipungue, sigara ziishe, asipoteze fedha kwa mashine za kutengenezea tambi. Tofauti ni kwamba utendi wake ameutunga mwenyewe, na kabla Januari haijaisha hakuna ubeti hata mmoja uliosalimika. Kicheko kinazaliwa katika nafasi hiyo kati ya usia na mwenye kuusiwa. Nafasi hiyo na Lamu ilikuwepo, sina shaka. Haikutungiwa utenzi tu.

Lakini tusidanganyane kwamba kila anayejikwaa ni Bridget. Nazisoma pia hadithi za simu, zile zinazorushwa kwenye makundi sehemu baada ya sehemu, zikikatika kwa neno ITAENDELEA pale pale mlango unapofunguliwa. Humo msichana ana umbo namba nane, rangi ya maji ya kunde, mwanya, sauti ya kumtoa nyoka pangoni, na hajijui kama ni mzuri. Siku hizi waandishi wameambiwa wasomaji wanapenda mhusika mwenye kasoro, basi wanamtwika kasoro: anaanguka. Anaangusha trei ya chai kwenye suti ya bosi. Anajikwaa kwenye kapeti na kudakwa na bosi. Kuanguka kote huko hakumgharimu chochote na hakutuambii chochote juu yake, kunamsogeza tu karibu na kifua cha bosi. Hiyo naiita kasoro ya kupaka, inatoka na maji. Kipimo changu ni rahisi: je, angeona haya kuisimulia? Kudakwa na bosi hakuna mtu angeona haya kukusimulia. Angekusimulia mara mbili.

Becky wa Kinsella ana kasoro isiyotoka na maji. Yeye ni mwandishi wa gazeti la mambo ya fedha, kazi yake kuwashauri watu namna ya kuweka akiba, na barua za benki yake anazikwepa kama kijana anavyomkwepa mwenye duka aliyemkopesha. Kuna mahali anataka skafu iliyopunguzwa bei, amepungukiwa paundi 20, na anadanganya mbele ya watu kwamba ni zawadi ya shangazi yake mgonjwa. Mtu asiyetarajiwa anampa zile paundi. Uongo ule unamfuata kwa sura nyingi, unampata hotelini, shingoni mwake ikiwemo skafu. Niliposoma nilisikia joto masikioni. Na mimi nina shangazi niliyewahi kumuuguza kwa mdomo ili nipate ruhusa kazini, na mwaka uliofuata nilisahau nikamuuguza tena ugonjwa mwingine.

Marian Keyes wa Ireland alikwenda mbali zaidi. Riwaya yake ya kwanza, Watermelon ya mwaka 1995, inaanza na mume anayemwaga mkewe siku ile ile aliyojifungua. Hilo ni tukio la riwaya ya Kezilahabi, na Keyes analisimulia kwa sauti ya shoga yako jikoni. Aliyeandika ni mwanamke ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa kituoni akitibiwa ulevi, na amelizungumza hadharani. Baadaye akaandika kuhusu dawa za kulevya, sonona na kufiwa, bila kuacha kuchekesha. Ndiyo maana nilikereka Beryl Bainbridge, mwandishi mzito wa Uingereza, alipofananisha vitabu vya aina hii na povu mwaka 2001. Vipo vya povu, tele, na majalada yao ya rangi ya waridi yenye mchoro wa kiatu kirefu yalihusika kwa kiasi kikubwa. Jina lenyewe vililopewa vitabu hivi kwa Kiingereza, chick lit, linawaita wasomaji vifaranga. Lakini povu huwa linakaa juu ya kitu, na aghalabu wanaolidharau hawajatia mkono chini.

Manung'uniko yangu ni mengine. Mwisho wa hadithi daima ni mwanaume, na mwanaume huyo daima ana kazi nzuri. Wakili wa haki za binadamu, tajiri wa kampuni ya uhusiano wa umma. Bado namsubiri mhusika apendwe na fundi wa friji. Deni la Becky linapatiwa njia, siku zote. Na ile mizani ya Bridget imezeeka vibaya: wasomaji wangapi wenye kilo 80 walikaa wakicheka na mwanamke wa kilo 58 anayejiita mnene, halafu wakaenda kioo cha bafuni? Kujicheka kuna siku kunakuwa kujichapa kwa niaba ya wengine, ili wao wasichoke mikono. Mpaka kati ya viwili hivyo ni mwembamba, na Fielding mwenyewe hakai upande mmoja wakati wote.

Niseme na hili la lugha, maana limenikaa. Niliwahi kujaribu kuiweka shajara ya Bridget kwa Kiswahili, kwa kujifurahisha tu, nikakwama sentensi ya kwanza. Kiingereza chake kinachekesha kwa kulidondosha neno la "mimi" kila mahali, kama mtu anayeandika anakimbia. Kiswahili hakidondoshi. Ni- imegandamana na kitenzi, ukiing'oa na kitenzi kinakufa. Nikajaribu kwa ku-: kuamka, kujipima, kulia, kunywa chai, kujipima tena baada ya kuvua hereni. Ikaanza kupumua. Kisha nikajaribu kama anavyosimulia mtu wa saluni: basi bwana, mwenzenu si nikapanda mizani, nikavua na hereni, wapi. Hapo Bridget akahamia Sinza na mizigo yake yote.

Kwa hiyo sauti ipo, na ni ya zamani. Ipo kwenye kanga na kwenye mipasho ya Khadija Kopa, ambako mwanamke hajawahi kukosa la kujibu. Kenya walimwona Mama Kayai miaka na miaka kwenye Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha televisheni. Hadithi za ujanja tulimpa Abunuwasi, mwanaume, akosee, aaibishwe, aibuke na kicheko, wala hakuna aliyemwuliza anatoa funzo gani kwa vijana. Mwaka 2015 Ankara Press ya Nigeria, inayochapa mapenzi ya Kiafrika, ilitoa bure mtandaoni mkusanyiko wa hadithi fupi za Siku ya Wapendanao zilizotafsiriwa kwa lugha mbalimbali zinazozungumzwa Afrika, na Kiswahili kilikuwemo: hadithi ya Binyavanga Wainaina iliyotafsiriwa na Elieshi Lema. Niliposikia nilitegemea kwamba mlango umefunguka. Rafu za maduka ya vitabu ninayopita bado zina wasichana wa aina mbili, aliyeangamia na aliyeshika maadili. Kitabu cha kiada kinamtaka wa pili, ndicho kinachonunuliwa, na mchapishaji naye ana kodi ya nyumba.

Turudi Sinza. Nilishamaliza kusukwa, ncha zimeshachovywa maji ya moto, nimeshalipa, na dada bado yuko kwenye ngazi ya pili. Alitueleza alivyojibanza stoo ya karatasi. Alitueleza simu ilivyokuwa inatetemeka, mkurugenzi akiuliza "Shati gani?", mhasibu akituma kile kikatuni cha macho, katibu muhtasi akimjibu mkurugenzi kwa adabu kwamba suala hilo halimo kwenye ajenda. Nikabaki nimesimama mlangoni, mkoba begani.

"Kaka je?" mama wa draya hakuwa amesahau.

Dada akafungua simu, akatusomea kwa sauti ya ofisi. Saa tisa na dakika arobaini, mbele ya watu wote 34, kaka wa manunuzi alikuwa ameandika: "Imepokelewa. Inafanyiwa kazi."

Nikavuta kiti, nikakaa tena.